Mwaka wa Maji na Ubani

Nilimtambua Shabani kwa namna anavyokunywa. Ilikuwa Kwa Mathias, Kibaha, upande wa mabasi yanayokwenda Morogoro, nami nilikuwa nimebeba mfuko wa nyanya nikitafuta pa kuvukia barabara. Mbele yangu mteja mmoja alikuwa amefungua chupa ya maji aliyonunua kwa kijana anayetembeza, akainusa, akaonja kidogo, akakaa nayo mdomoni huku ametazama juu kama anayekumbuka jina la mtu, ndipo akameza. "Kaka, unakunywa au unapima?" kijana akamuuliza. "Vyote," akajibu yule mteja, nami nikaweka nyanya chini nikapiga kelele katikati ya watu, maana duniani nawajua watu watatu tu wanaokunywa maji namna ile, na mmoja ni mimi. "Shebby!" Aligeuka. Kitambi kimemwingia na nywele zimeanza kurudi nyuma, lakini cheko ni lile lile. "Anje! Bado unaonja?" Nikamwambia naonja hadi supu za watu kwenye harusi, na mume wangu ameshachoka kuniombea radhi. Tukaingia mgahawani, tukaagiza chai ya rangi na chapati, akaniambia Dada Upendo yuko mikoa ya kati, anachora mtambo wa maji wa mji mwingine, na bado anaimba kwaya. "Ule mwaka, Anje," Shabani akasema, kisha akachovya chapati. Sikumwuliza upi, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshafika huko.

Ule mwaka nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakunipeleka popote, ila hayakunizuia kuota. Wiki moja nilikuwa mtangazaji wa redio, wiki nyingine rubani, na siku nikiumwa tumbo nilikuwa nesi. Dada Upendo alipopanga nyumba kule Sofu, hapo hapo Kibaha, na kuulizia msichana wa kumsaidia kazi za maji, nilidhani ni kuchota. Kumbe alikuwa injinia, bado kijana, na ile ilikuwa kazi yake ya kwanza kuiongoza mwenyewe: kusanifu mtambo wa kusafisha maji ya kunywa kwa mji mmoja mdogo upande wa Kisarawe. Wenyeji wanauita Mjini tu, nasi tukauita Mjini, na tulipokuwa tukisema "kesho tunakwenda Mjini" majirani walidhani tunakwenda Kariakoo. Shabani ndiye alikuwa mchoraji wa ramani. Mimi nilipewa cheo cha msaidizi wa maabara, cheo ambacho nilikitangaza parokiani kote kabla sijakiona. Maabara yenyewe ilikuwa jiko.

Nikiifikiria ile nyumba leo, naona kwanza meza ya chakula, kwa sababu hatukuwahi kulia juu yake. Ilikuwa imefunikwa michoro kutoka ncha hadi ncha, imekandamizwa kwa mawe manne na Biblia ya Dada Upendo, na sheria ya nyumba ilikuwa moja: usipitishe kikombe juu ya meza. Tulikula sakafuni, kwenye mkeka, maharage ya nazi na wali, au kisamvu nilichotwanga mwenyewe, huku tumezungukwa na madumu ya maji ya bwawa yaliyoandikwa tarehe kama maziwa ya dukani. Jikoni, pembeni ya sufuria ya maharage, zilikaa glasi sita ndefu. Kila asubuhi nilizijaza maji ya bwawa, yenye rangi ya chai ya maziwa, kisha Dada Upendo akatia shabu iliyoyeyushwa, ile dawa ya kukusanya tope, huku kidogo, huku zaidi, nami nikakoroga, haraka kwanza na baadaye taratibu, taratibu, mpaka mkono ukasinzia. Halafu tunangoja. Ndani ya ile chai kulianza kutokea vijipande vidogo kama unga, vikakutana na kushikana, kama watu wanaotoka misa wanavyokutana mlangoni, wawili, kisha wanne, kisha kundi zito lisiloweza tena kusimama, likaketi chini lote. Juu yakabaki maji unayoweza kuonea uso wa mtu upande wa pili. Mara ya kwanza nilipiga makofi. Dada Upendo hakunicheka. Alisema, "Na mimi nilipiga makofi, chuoni. Mwalimu alinitoa nje."

Siku ile ile niliacha urubani.

Ukuta wa jiko lile ulikuwa mwembamba, na mengi niliyoyajua kuhusu kazi yetu niliyajua kwa kumenya vitunguu karibu nao. Ndivyo nilivyosikia Dada Upendo akizungumza na wafadhili kwa simu, sauti yake ya ofisini, ile iliyonyooka. "Ndiyo. Mkutano wa hadhara lazima ukubali. Ndiyo, naelewa, wakikataa mnahamia mji mwingine." Akakata simu. Kisha nikamsikia Shabani: "Watakataaje maji safi, dada? Nani anakataa maji safi?" Naye akajibu, "Shabani, wewe ulikataa uji wangu jana." Nilicheka na vitunguu vyangu, ila tangu hapo nilijua kazi ile ilisimama juu ya kitu gani. Mjini walikuwa na bwawa la matope na visima vya chumvi, na kila mvua zikianza watoto waliharisha. Wapo waliosema afadhali visima vingine vichimbwe, chumvi wameizoea, kuliko kunywa bwawa lililotiwa madawa. Mkutano ndio ungeamua.

Tulikuwa tukienda huko kwa pikapu ya kukodi, kwa njia ya vumbi inayopita kwenye mikorosho, mimi nyuma na madumu. Karibu na bwawa tulijenga mtambo wa majaribio, mdogo, wa mapipa: pipa la kukorogea shabu, pipa la kutulizia tope, pipa la mchanga wa kuchujia, na la mwisho la kutia klorini, ile dawa inayoua vijidudu. Maji yalishuka kutoka pipa hadi pipa yenyewe, bila mashine. Nilikunywa maji ya pipa la mwisho kila tulipokwenda. Yalikuwa na harufu ya dawa kwa mbali sana, kama harufu ya shati lililofuliwa vizuri.

Mwenyeji wetu Mjini alikuwa Bi Mwamvita. Alikuwa mkubwa wa kina mama wa pale, yule anayeitwa kwenye kila shughuli, harusi au msiba, kusimamia chakula na maji. Alitupikia muhogo wa nazi na dagaa kwenye sebule yake yenye mkeka wa rangi tatu, na kabla hujala alikupa maji ya mtungi. Yale maji! Alikuwa na namna yake, aliyoachiwa na mama yake: anauosha mtungi, anaukausha, anaugeuza kifudifudi juu ya chetezo chenye makaa na ubani, moshi unaingia mpaka udongo unashiba, ndipo anatia maji. Yakipoa humo yanakuwa na baridi tamu na harufu ya ubani inayokuja nyuma ya koo ukishameza. "Maji ya mgeni," alisema. "Ya kuogea tunachota tu. Ya mgeni tunayafukizia." Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama nilivyokunywa nimefumba macho. "Huyu mtoto wa kanisani ana koo la Kiswahili," akasema, na tangu siku hiyo sahani yangu ilijazwa kabla ya ya Shabani, jambo ambalo Shabani hakulisamehe.

Siku ya mkutano tulifika asubuhi. Watu walikuwa wamejaa bandani sokoni, wengine wamekalia meza za wauza samaki, watoto wamening'inia kwenye nguzo. Mpango ulikuwa rahisi: Dada Upendo angeeleza michoro, watu wangeonja maji ya mapipa, kisha wangenyoosha mikono. Tulikuwa tumeleta vikombe na ndoo mpya. Lakini Bi Mwamvita alikuwa ameziona zile ndoo. "Maji ya mkutano mzima yatoke ndooni, kama ya kuoshea miguu? Nyie watoto mna mambo." Kumbe kulipokucha yeye na wenzake walikuwa wamefukiza mitungi yao mizuri yote, wakaenda kuijaza kwenye pipa letu la mwisho, wakaipanga mbele ya meza ya mwenyekiti wa mkutano, kila mmoja na kifuniko chake cha ukili. Nilinusa ubani nikafurahi moyoni. Nilijiambia: leo hakuna wa kukataa.

Dada Upendo alieleza vizuri. Alieleza shabu, alieleza mchanga, watu wakaitika. Mwenyekiti akapokea kikombe cha kwanza kwa Bi Mwamvita, akasema bismillahi, akanywa. Uso wake ulifanya kitu ambacho sitakisahau. Alimeza kwa heshima ya cheo, kisha akaweka kikombe mezani polepole kama kitu kinachoweza kulipuka. Mzee Kondo, mkorofi wa mikutano yote ya pale, hakuwa na cheo cha kulinda. Alitema pembeni. "Injinia! Hili ni bwawa letu au wodi namba mbili? Mimi nimeshalazwa, haya maji nayajua!" Banda zima likacheka. Kila aliyeonja alikunja uso. Mama mmoja akasema yananuka kama bandeji, mwingine akasema kama dawa ya kufutia choo cha zahanati, na vicheko vikaanza kugeuka manung'uniko. "Visima!" mtu akapaza sauti nyuma. "Tupeni visima vyetu!"

Nilionja na mimi. Walikuwa wanasema kweli. Ilikuwa ladha ya hospitali.

Dada Upendo alikunywa, akasimama, akatoka nje ya banda. Nikamfuata hadi kwenye mapipa, akakinga bombani, akanywa. Akanipa. Maji ya siku zote, masafi, hayana neno. Tukarudi. Akainama juu ya mtungi mmoja kama anayeusikiliza, akavuta pumzi, nami nikaona kabisa uso wake ulipopata jibu. Baadaye alinieleza: moshi wa ubani una vitu ndani yake ambavyo vikikutana na klorini, hata kidogo namna gani, huzaa ladha ile ya dawa. Kila kimoja peke yake hakina tatizo. Lakini pale bandani hakunieleza kitu, alinyooka tu, na mbele yake alisimama Bi Mwamvita na kata ya kuchotea mkononi, amevaa doti mpya ya kanga, uso umemsinyaa kwa kutoelewa. Mgeni wake ameaibika na yeye ndiye mwenyeji. Shabani, ambaye kichwa chake ni chepesi, alishaunganisha. Akamnong'oneza Dada Upendo nikiwa katikati yao, "Sema basi, dada! Ni mitungi! Waambie waonje ya pipani, tumemaliza."

Ingetosha. Sentensi moja, kikombe kimoja cha pipani, mikono ingenyooka. Na Bi Mwamvita angerudi nyumbani akiwa mwanamke aliyeharibu maji ya mji mbele ya mji, kwa mitungi ya mama yake.

"Wazee wangu, mama zangu," Dada Upendo akasema, na sauti haikuwa ile ya ofisini. "Kosa ni langu. Mimi nimechora mtambo wote, nimechora na mabomba, nikaishia kwenye koki. Sikuchora maji yakishatoka kwenye koki yanakwenda wapi. Mchoro wangu haujaisha. Naomba mkutano mmoja mwingine."

Mwenyekiti aliwatazama watu, watu wakamtazama. "Mmoja," akasema. "Ukishindwa, binti, sisi na visima vyetu."

Njia nzima ya kurudi, safari hii sote tumebanana ndani, Shabani alikuwa amevimba. Alisema hajawahi kuona mtu anapiga penati, kipa ameanguka, halafu anaurudisha mpira kati. Dada Upendo alimwacha aseme mpaka tulipoiona barabara ya lami, ndipo akasema, "Shabani, ningewaambia, mitungi ingeenda wapi? Ungeniambia nijenge mtambo kwenye mji ambao nimeshawavunjia mitungi?" Shabani akasema mitungi si kazi ya injinia. Nami nikajikuta nasema kwamba maji yote tunayoyachora yanakwenda humo. Dada Upendo aliniangalia kwenye kioo cha dereva kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata nilitumwa peke yangu kwa Bi Mwamvita na ujumbe: tunaomba aje Sofu atufundishe mtungi. Alinisikiliza, akauliza maswali mawili, la kwanza kama kwenye nyumba yetu kuna nafasi ya kuswalia, la pili kama yule kijana mvivu wa Dar bado yupo. Akaja na mtungi mmoja umefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga, ameupakata njia nzima. Akaiangalia meza yetu ya michoro, akaangalia mkeka tunapolia, akasema, "Nyie mnalisha karatasi mezani na watu chini." Kisha akaomba makaa.

Aliufukiza mtungi pale jikoni kwetu mpaka glasi zangu sita zikanukia ubani. Dada Upendo akatia maji tuliyoyatibu wenyewe, tukangoja, Bi Mwamvita akachota kwa mkono wake, akanywa. Akasimama vile vile na kata. Kisha akageukia dumu yalimotoka maji, akachota, akanywa tena. Jikoni maharage tu yalikuwa yakizungumza.

"Kumbe ni mimi," akasema.

"Hapana, bibi. Wewe umeleta moshi, mimi nimeleta dawa. Vimekutana bila kutambulishwa."

"Na wewe ulijua. Pale pale bandani."

Dada Upendo akatazama chini. Nilidhani bibi atalia, na mimi nilikuwa tayari kulia naye, ni kazi ninayoiweza. Badala yake aliketi kwenye kigoda, akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, mpaka ikabidi apokonywe kata. "Mke na wifi!" akasema. "Huyu mwema, huyu mwema, waweke jiko moja!" Na Shabani, aliyekuwa mlangoni amenuna tangu asubuhi, alicheka mpaka akakaa chini. Bi Mwamvita akajifuta macho. "Haya. Wifi tunampa chumba chake. Tuanze."

Zile siku alizokaa kwetu ndizo ninazozipenda kuliko zote za mwaka ule. Aliamka kabla ya adhana, nami nikimkuta ameshachoma vitumbua. Dada Upendo alikuwa na kichupa cha dawa ya kupimia: unatia matone kwenye maji, klorini ikiwemo nyingi maji yanageuka rangi ya waridi iliyoiva, ikipungua waridi linafifia. Bi Mwamvita alikipenda kile kichupa kama pipi. Tulijaribu kusuuza mtungi baada ya kufukiza, haikusaidia. Tulijaribu moshi kidogo, akasema huko si kufukiza, ni kuutisha mtungi. Halafu tukajaribu kuyalaza maji: ndoo pana, safi, imefunikwa kitambaa cheupe, mpaka kesho yake. Waridi likabaki kama kumbukumbu tu. Tukayahamishia mtungini. Bi Mwamvita akanywa, akafumba macho, akanipa mimi, na ubani ukaja nyuma ya koo, mtamu, peke yake. Waliishia kubishana, yeye na Dada Upendo, kuhusu usafi wa kata. Dada Upendo alitaka kila mtungi uwe na kata ya mpini mrefu ili vidole visiguse maji, kwa kuwa dawa ikishatoka maji hayana tena mlinzi. "Vidole vyangu vina nini?" bibi akauliza. "Vya kwako havina kitu, bibi. Vya Mzee Kondo." Hoja ikapita bila kura. Na yale maji ya kila siku, wakakubaliana, yakae kwenye mtungi usiofukizwa. Ubani uwe wa mgeni, kama ulivyokuwa siku zote.

Basi Shabani akachora karatasi ya mwisho ya mradi. Baada ya tanki kubwa mlimani, baada ya mabomba na magati ya kuchotea, ndoo yenye kitambaa, mtungi, chetezo na kata ya mpini mrefu, vyote na vipimo vyake. "Nimesomea kuchora matanki," alilalamika, "leo napima tumbo la mtungi." Bi Mwamvita alisimama nyuma yake. "Mpe shingo nyembamba kidogo. Huo ni wa mwanamke mvivu." Akaufuta, akauchora upya. Najua leo kwamba ofisini huwa wanaiita hiyo elimu kwa jamii na kuiweka kwenye kijitabu pembeni. Sisi ilikuwa ndani ya mchoro wenyewe, na namba yake. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya maji tangu wakati huo, nimesoma cheti changu taratibu, na bado nikipewa mchoro wowote naanza kuutazama mwisho.

Mkutano wa pili ulianza na mvua za vuli zikinyemelea. Banda lilijaa zaidi, kwa sababu watu walikuja kuona injinia akitemewa tena. Mitungi ilikuwa pale pale, na ubani ulinukia pale pale. Dada Upendo aliinuka kueleza, lakini Bi Mwamvita alikuwa ameshasimama. Sijui kama walipatana. Nadhani hawakupatana, kwa jinsi Dada Upendo alivyobaki mdomo wazi.

"Siku ile mlitema," Bi Mwamvita akasema. "Mlitema nini? Mlitema ubani wangu. Maji ya mtoto huyu yalikuwa mazima, mimi nikayaozesha na moshi bila kuyauliza. Akajua. Akasimama hapa akasema kosa ni lake." Akainua kata. "Basi nimekwenda kwao Kibaha, nimelala kwenye nyumba ya makaratasi, nimekoroga maji mpaka bega limeniuma, na sasa najua kuyapatanisha. Atakayetaka kujua atakuja kwangu, nitamfundisha. Atakayetaka kunicheka anicheke sasa hivi, nina haraka."

Hakuna aliyecheka, kisha Mzee Kondo akacheka, kisha wote, na lilikuwa cheko la namna nyingine. Vikombe vikaanza kupita. Mzee Kondo alinusa chake kama paka, akaonja, akanywa, akakipeleka tena mbele kwa mkono mmoja huku anaangalia pembeni, kama kikombe hicho si chake. Mwenyekiti akagonga meza. Wanaokubali mtambo wanyooshe mikono. Mikono ikapanda, mingi, ila wengi walikuwa wameshika vikombe, na mwenyekiti hakumwona Bi Mwamvita miongoni mwao. "Bi Mwamvita, mbona hunyooshi?"

"Ninyooshe nini? Mkono huu una kata, huu una mtungi. Hesabu vikombe!"

Basi vikapanda vikombe, vya bati, vya plastiki, vikombe vya chai vya sebuleni vilivyotolewa kabatini kwa ajili ya siku ile. Dada Upendo alinishika mkono. "Shabani," akasema, "hesabu haraka."

"Nahesabu vipi, dada?" Shabani akajibu. "Si unaona wanavinywa!"